Namna ya kuhariri makala ya Xunzi kwenye Wikipedia ya Kiswahili

Wenzangu mnaohariri Wikipedia ya Kiswahili kutoka huku Uganda, na nyie mnaotaka kuanza, leo tuongee namna ya kuingia kwenye makala ya mwanafalsafa wa kale wa China ukaiacha bora kuliko ulivyoikuta. Nitamtumia Xunzi mwanzo mpaka mwisho, maana Konfusio kila mtu amemsikia, Mengzi naye ana watu wake, ila Xunzi ndo yule ambaye watu wanamwandikia kwa uhakika ambao hata vitabu vya kale havina. Amekufa zaidi ya miaka 2200 iliyopita, kuna kitabu kinachobeba jina lake, kuna maisha yake kwa kifupi yaliyoandikwa na Sima Qian, mwanahistoria wa kale wa China, zaidi ya miaka mia moja baadaye, alafu kuna wasomi wa karne nyingi wanaobishana juu ya hivo viwili. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni msomaji aone kila sentensi ni ya nani, hii ipo kwenye kitabu chenyewe, hii kasema Sima Qian, hii ni maoni ya msomi wa juzi. Ukishika hilo mengine yote ni ufundi wa kujifunza tu.

Kabla hujagusa kitu fungua akaunti. Bila akaunti pia unaweza kuhariri, lakini ukiwa na jina watu wanaweza kukuandikia, na ukibishiwa unajua nani anakubishia. Kama una laptopu tumia laptopu, simu inafaa kurekebisha tahajia na viungo ila kuweka vyanzo kwenye simu ni kujitesa, na kama simu ndo unayo basi shuka chini kabisa ya ukurasa uchague mwonekano wa kompyuta. Maandishi yenyewe hayali bando sana, kinachokula ni vitabu, hivo vitabu vipakue siku ukiwa sehemu yenye Wi-Fi ya bure, chuoni au maktaba, ukae navyo. Na tafadhali rasimu yako iandike pembeni, kwenye ukurasa wako wa majaribio au hata kwenye noti za simu, kwa sababu umeme ukikatika au mtandao ukipotea katikati ya kuhariri unaweza kupoteza kazi ya jioni nzima.

Alafu fungua Historia na Majadiliano ya makala. Watu wengi wanaruka hapa na ndo hapa ugomvi unapoanza, unakuta sentensi unayotaka kufuta mtu ameshaieleza miaka mitatu nyuma na chanzo akaweka. Soma kwanza, ikichukua nusu saa acha ichukue.

Sasa vyanzo. Tafsiri kamili ya kitabu cha Xunzi kwa Kiingereza ambayo ni rahisi kufanyia kazi ni ya Eric Hutton ya mwaka 2014, yote iko kwenye kitabu kimoja. Ya John Knoblock ni mijalada mitatu, ilitoka kati ya 1988 na 1994, ina utangulizi mrefu na maelezo mengi sana juu ya maisha ya Xunzi, na mimi kwa sehemu ya maisha naipendea hiyo. Burton Watson alitafsiri sura chache tu mwaka 1963, ni nzuri kusoma lakini usiitumie kusema kitabu kizima kinasema nini. Ya Homer Dubs ya 1928 ni ya zamani, ukiikuta imenukuliwa angalia kama wapya wanakubaliana naye. Kama huna pesa ya kitabu, Internet Archive wanaazimisha baadhi ya vitabu bure mtandaoni, na Stanford Encyclopedia of Philosophy ina makala ya Xunzi iliyoandikwa na mtaalamu, unasoma bila kulipa. Ukishakuwa na haririo 500 na akaunti yenye miezi 6, na bado unahariri kila mwezi, unaweza kuingia Maktaba ya Wikipedia, kule unapata majarida ya kulipia bila kutoa hata shilingi. Hiyo nafasi wengi wetu hatuitumii na ni hasara kubwa! Na kama uko Kampala, Makerere kuna Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina, ukipata mtu aliyesoma pale akakusaidia kuangalia mstari mmoja wa Kichina asilia umepata mtu wa maana, maandishi ya kitabu chote yako wazi kwenye tovuti ya Chinese Text Project.

Usichukue chochote kutoka kwenye zile kurasa za nukuu za kutia moyo. Nitakupa mfano mmoja uone. Kuna yale maneno yanayopendwa sana kwenye semina za walimu, nikisikia nasahau, nikiona nakumbuka, nikifanya naelewa, chini wanaandika Konfusio. Kilicho karibu na maneno hayo kipo kwenye Xunzi sura ya 8, na kinasema kitu tofauti: kutosikia si bora kuliko kusikia, kusikia si bora kuliko kuona, kuona si bora kuliko kujua, kujua si bora kuliko kutenda. Hakuna kusahau pale, hakuna kukumbuka, na msemaji sio Konfusio. Kwa hiyo ukikuta nukuu kwenye makala haina namba ya sura, itafute kwenye kitabu, ikikosekana itoe na useme kwenye muhtasari wa haririo kwamba umeitafuta hukuiona.

Twende kwenye makala yenyewe. Chukua utangulizi wa namna hii, nimeutunga mimi lakini za hivi utazikuta nyingi:

"Xunzi (310 KK – 238 KK) alikuwa mwanafalsafa maarufu sana wa China aliyeanzisha Ulegalisti na kuamini kwamba binadamu wote ni wabaya. Alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Jixia."

Sentensi mbili tu na karibu kila kipande kina shida. Anza na miaka. Hakuna anayejua Xunzi alizaliwa lini. Sima Qian anasema alifika dola ya Qi kusoma akiwa na umri wa miaka 50, lakini kuna kitabu kingine cha zama za Han, nasaba iliyotawala China baada ya Qin, kinachosema 15, na kwa Kichina hizo namba mbili zinaandikwa kwa herufi zilezile mbili zikigeuzwa tu, kwa hiyo mnakili akipitiwa kidogo mtu anaongezewa miaka 35. Wasomi wamegawanyika kwa hilo, na ndo maana ukifungua kitabu hiki unakuta 310, kile kinakupa mwaka mwingine. Ukiandika 310 peke yake umemwambia msomaji kitu ambacho hakijulikani. Andika "takriban", au sema tu aliishi hasa karne ya 3 KK, inatosha kabisa.

Na 238 inatoka wapi? Inatoka kwenye kifo cha mtu mwingine. Bwana Chunshen wa dola ya Chu ndo alimpa Xunzi kazi ya kuongoza wilaya ya Lanling, Chunshen akauawa mwaka 238 KK, Xunzi akapoteza kazi, akabaki Lanling na akazikwa hukohuko. Sima Qian hasemi alikufa mwaka uleule. Kwa hiyo sahihi ni "alifariki baada ya 238 KK" na uweke chanzo. Hapohapo angalia hesabu za KK, maana zinarudi nyuma, aliyezaliwa 310 ana miaka 72 mwaka 238, na mwaka 238 KK uko karne ya 3 KK, sio ya 2. Nimeona makala nzuri kabisa zikiharibika kwa hii hesabu.

"Maarufu sana" futa. Usieleze, futa tu, makala ionyeshe umaarufu wake kwa mambo aliyofanya.

"Wa China" sio uongo ila wakati huo hakukuwa na dola moja, zilikuwa falme zinapigana, Qin ikaja kuziunganisha mwaka 221 KK. Andika alitoka dola ya Zhao, weka kiungo. Alitembea sana huyu mzee, alikuwa Qi, alifika Qin, sura ya 15 inamwonyesha akibishana juu ya vita mbele ya mfalme wa Zhao, mwisho wake Chu, na msomaji akijua dola zilivyokuwa atamwelewa vizuri zaidi.

Sasa hapo penye Ulegalisti ndo penye kazi. Sima Qian anasema Han Fei na Li Si walisoma kwa Xunzi. Han Fei akawa mwandishi mkubwa wa Ulegalisti, yaani falsafa ya kutawala kwa sheria kali na adhabu, Li Si akawa waziri mkuu wa Qin na ndo aliyeshauri vitabu vichomwe mwaka 213 KK. Kutoka hapo watu wanaruka, wanasema basi mwalimu wao ndo mwanzilishi. Hapana! Kitabu cha Xunzi kuanzia mwanzo mpaka mwisho kinasifu Konfusio, kinasifu taratibu na adabu za kale, kinasema mtawala mwema ndo chanzo cha utaratibu na sheria peke yake haiwezi kusimama bila mtu wa kuitekeleza vizuri. Mtu kufundisha wanafunzi waliokwenda njia nyingine hakumfanyi awe wa njia hiyo, na sisi tunaowajua walimu wetu tunalijua hilo vizuri. Andika kwamba alikuwa mwalimu wa Han Fei na Li Si kwa mujibu wa Sima Qian, kama kuna msomi anayeona mawazo yao yametoka kwake mtaje jina na ukurasa, ishia hapo.

Alafu lile la binadamu ni wabaya. Sura ya 23 inasema kweli asili ya binadamu ni mbaya, hiyo usiifiche. Lakini sentensi hiyohiyo inaendelea, inasema wema wake unatokana na juhudi za makusudi. Na anatoa mifano: mti uliopinda unapashwa mvuke na kubanwa ndo unyooke, chuma butu kinanolewa ndo kipate makali, na mtu anahitaji walimu na taratibu ndo awe mwema. Tena kwenye sura hiyo anakubali kwamba hata mtu wa njiani anaweza kuwa kama Yu, yule mfalme mtakatifu wa zamani. Sasa mtu anayesema hivo ukimwandika kama aliwachukia binadamu, umemdhulumu. Mimi hii ndo sehemu inayoniuma zaidi, maana mtoto wa sekondari Mbale au Kasese akisoma hapo kwa mara ya kwanza, hicho ndo atakachobaki nacho kichwani. Hapo pia mtaje Mengzi, kwa sababu sura ya 23 inambishia kwa jina, Mengzi alisema asili ya mtu ni njema, na ugomvi wao ndo unaofanya wote wawili waeleweke.

Chuo Kikuu cha Jixia nacho tuliza. Jixia palikuwa mahali karibu na lango la mji wa Linzi ambapo wafalme wa Qi walikusanya wasomi wa kila aina wakawapa vyeo na makazi wabishane na kuandika. Hapakuwa na digrii wala mahafali. Sima Qian anasema Xunzi alikuwa mkubwa wa wasomi pale na alishika mara tatu heshima ya kuongoza sadaka ya kinywaji. Andika hivo hivo, inapendeza zaidi kuliko "mkuu wa chuo".

Ukimaliza, utangulizi wako unaweza kusomeka hivi:

"Xunzi (jina lake Xun Kuang, aliishi hasa karne ya 3 KK, alifariki baada ya 238 KK) alikuwa mwanafalsafa wa mapokeo ya Konfusio kutoka dola ya Zhao. Kwa mujibu wa Sima Qian alikuwa miongoni mwa wasomi wa Jixia katika dola ya Qi, na baadaye aliongoza wilaya ya Lanling katika dola ya Chu. Sura ya 23 ya kitabu kinachobeba jina lake inasema kwamba asili ya binadamu ni mbaya na kwamba wema hutokana na juhudi za makusudi, kwa msaada wa walimu na taratibu."

Kila sentensi na chanzo chake, namba ya ukurasa ikiwepo. Kwenye kihariri cha kuona kuna kitufe cha kuweka chanzo, unabandika ISBN ya kitabu na chenyewe kinajaza jina la mwandishi na mwaka, wewe ongeza ukurasa. Kwa nukuu za Xunzi weka na namba ya sura, maana mwenye tafsiri nyingine hawezi kutumia ukurasa wako lakini sura ataipata.

Sehemu ya kitabu wengi hawaiandiki na ni tamu sana. Katika zama za Han, karne ya 1 KK, Liu Xiang alikusanya vipande 322 vya maandishi ya Xunzi kwenye maktaba ya kifalme, akakuta 290 vinajirudia, akavitoa, zikabaki sura 32. Mwaka 818 BK Yang Liang akaandika ufafanuzi wake na akapanga sura upya, na mpangilio wake ndo tulionao leo. Sura za mwisho, kuanzia 27, wasomi wengi wanaona ni za wanafunzi au ni mkusanyiko wa baadaye. Kwa hiyo ukinukuu sura ya 30 usiandike "Xunzi alisema" kama vile ulikuwepo, andika "sura ya 30 inasema". Ukiwa na nguvu ongeza aya juu ya sura ya 17, ile inayosema mwenendo wa Mbingu haubadiliki kwa sababu ya mfalme mwema wala mfalme mbaya, na watu wakilima vizuri na kutumia kwa kiasi Mbingu haiwezi kuwafanya maskini. Ni moja ya sura zake zinazosomwa zaidi na inastahili zaidi ya mstari mmoja.

Lugha. Kiswahili chetu cha huku, cha soko la Arua au mpakani Busia, mimi nakipenda na ndo naandika nacho hapa, lakini makala iwe sanifu. "Kitabu chake kina sura 32", sio "kitabu yake iko na sura 32". Kama huna uhakika na ngeli mwambie mwenzio wa Tanzania au Mombasa akupitie, kwenye Majadiliano watu wanasaidia bila kudharau. Na ukitafsiri kutoka Wikipedia ya Kiingereza, sema kwenye muhtasari umetafsiri kutoka wapi na uweke kiungo, leseni yake inadai hivyo. Tafsiri ya mashine usiiache ilivyo, pitia sentensi moja moja, na kila chanzo kilichoko kule kifungue mwenyewe kabla hujakileta huku. Pia usije ukaandika "RDC wa Lanling" ili watu wa kwetu waelewe, "mkuu wa wilaya" wanaielewa.

Majina ya Kichina, ukoo unatangulia, Xun ndo ukoo, kwa hiyo hakuna "Kuang alisema". Vitabu vya zamani vinamwandika Hsün Tzu, vingine Xun Qing au Sun Qing, ni mtu yuleyule, tengeneza kurasa za kuelekeza kwa kuandika #REDIRECT [[Xunzi]] ili anayetafuta kwa jina lolote afike. Juu ya makala weka mstari mfupi wa kumtenganisha na Sunzi, yule anayehusishwa na kitabu cha vita, wanachanganywa kila siku. Picha, kumbuka hakuna picha ya enzi zake, zote zimechorwa karne nyingi baadaye kwa kukisia, hivo maelezo ya picha yaseme hivo. Jamii zisizidi, Wanafalsafa wa China na Ukonfusio zinatosha, alafu hakikisha makala imeunganishwa Wikidata na lugha nyingine.

Ukichapisha, muhtasari wako usiwe "nimerekebisha". Andika: "Nimeondoa dai la kuanzisha Ulegalisti, halina chanzo; nimeongeza Hutton 2014 kwa sura ya 23; tarehe ya kifo sasa ni baada ya 238 KK." Mtu akirudisha ulichobadilisha usimrudishie na wewe papo hapo, mtapoteza siku nzima mnavutana na makala itafungwa na wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia. Nenda Majadiliano, kwa heshima, kitu kama hiki:

"Habari ndugu, nimeona umerudisha 238 KK kama mwaka wa kifo. Huo ni mwaka aliouawa Bwana Chunshen. Sima Qian anasema Xunzi alipoteza kazi baada ya hapo akabaki Lanling, hasemi alikufa mwaka huohuo. Napendekeza tuandike 'baada ya 238 KK'. Kama una kitabu kinachosema vingine niambie ukurasa tuuweke pia. Asante sana."

Mpe siku kadhaa ajibu. Akileta chanzo kizuri, weka maoni yote mawili kwenye makala na majina ya wenyewe, akinyamaza rekebisha tena na utaje hayo mazungumzo kwenye muhtasari.

Ikishatulia, weka makala kwenye orodha ya kurasa unazofuatilia, alafu fungua makala za Konfusio, Mengzi, Han Fei, Li Si na nasaba ya Qin uangalie kama jina la Xunzi limetajwa, likiwepo liwekee kiungo, na pale penye Mengzi angalia kama kuna hata sentensi moja juu ya alivyobishiwa kwenye sura ya 23, kama haipo unayo tayari, na chanzo chake unacho mkononi.